Mjadala wa Mtungi na Daftari

Hoja iliyo mbele ya baraza ni kwamba mtungi wa hewa iliyoongezwa oksijeni usitoke katika chumba cha kujazia ila yule atakayeivuta hewa hiyo chini ya maji awe ameupima mwenyewe, akaandika daftarini kwa mkono wake kile alichokiona. Na kwamba maandishi hayo, yakisha kuandikwa, hayampunguzii aliyejaza hata chembe ya dhamana yake. Sehemu ya kwanza ya hoja hupingwa na watu wenye haraka, na sehemu ya pili hupingwa na watu wenye hofu, nami nimeona ni insafu wote wapewe nafasi ya kusema. Wasemaji nimewatunga mwenyewe ili hoja ipate pande zake, na nimewaita kwa kazi zao: Mjazaji, ambaye hukaa na kompresa kutwa, Kiongozi, ambaye huwapeleka wageni kuzamia katika miamba ya Unguja na Pemba, Wakili, ambaye kazi yake ni sheria, na Karani, mzee aliyestaafu katika kituo cha kununulia karafuu, ambaye hajapata kuvaa mtungi mgongoni lakini umri wake wote umekwenda katika mizani na vitabu.

Msomaji asiyeyazoea mambo haya anastahili kujua kwanza kinachogombewa. Hewa tunayoivuta ina oksijeni kadiri ya asilimia 21, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nitrojeni. Mzamiaji ashukapo, nitrojeni humwingia mwilini kwa kiasi cha kina na muda, na akipanda kwa pupa hutoka kwa mapovu yanayomletea maumivu ya viungo, kupooza, hata mauti. Kwa sababu hiyo Morgan Wells, wa idara ya Marekani ya bahari na anga iitwayo NOAA, aliweka mwishoni mwa miaka ya 1970 utaratibu wa kuzamia kwa mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32, na Dick Rutkowski akaanza mwaka 1985 kuwafundisha wazamiaji wa kawaida elimu hiyo, ambayo leo imeenea duniani kwa jina la naitroksi. Fadhila yake ni bayana: aliye kwenye mita 30 na asilimia 32 huingiwa na nitrojeni kiasi cha aliye kwenye mita 24 na hewa ya kawaida. Lakini oksijeni nayo ina sumu yake, kama alivyothibitisha Paul Bert, mtaalamu wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1878, kwani mgandamizo wake ukizidi humtia mtu degedege. Na mtu akishikwa na degedege juu ya ardhi aghalabu huzinduka, bali akishikwa chini ya maji kipumulio humtoka kinywani, naye hufa maji. Ndiyo maana wazamiaji wamekubaliana kwamba mgandamizo wa oksijeni usipite bari 1.4 wakati wa kuzamia, na bari 1.6 uwe ukomo usiokaribiwa ila kwa dharura. Kwa hesabu ya bari 1.4 mpaka wa asilimia 32 ni mita 33, wa asilimia 36 ni mita 28, na wa asilimia 50 ni mita 18 tu. Ilhali mitungi yote hiyo huweza kuwa ya umbo moja na uzito mmoja, na kilichomo ndani hakina rangi, harufu wala ladha ya kukitambulisha.

KIONGOZI: Nasema wa kwanza kwa kuwa mimi ndiye ninayekwenda na watu majini, na mimi ndiye ninayetakiwa kurudi nao. Hapana anayechukia kupima. Lakini tazameni hali ya asubuhi: maji yanakupwa, na chombo kisipotoka kabla hayajatoka kitakaa mchangani hata adhuhuri, wageni 12 wamesimama, kila mmoja na mitungi yake 2, na kipima oksijeni ni kimoja. Nikiwaachia wapime wenyewe, mmoja atafungua koki kwa nguvu, hewa ipite kwa kasi, na namba itakayotokea iwe ya uongo; mwingine atasahau kukilinganisha kipima kwa hewa ya kawaida mpaka kisome 20.9, wa tatu atasoma mtungi wa jirani yake akidhani ni wake. Mimi huipima yote jioni, kwa utulivu, nikaandika katika tepu juu ya bega la kila mtungi asilimia yake, kina chake cha mwisho, tarehe, na herufi za jina langu. Asubuhi wageni hutia sahihi na safari huanza. Je, kipimo cha mjuzi mmoja si bora kuliko vipimo vya wanafunzi 12?

MJAZAJI: Bwana Kiongozi, maneno yako ni ya mtu anayewapenda watu wake, nami sitaki kuyajibu ila kwa hesabu. Tuseme nimeletewa mitungi 2, kila mmoja geji inasoma bari 50, nami natakiwa niirudishe katika bari 200 za asilimia 32. Nikiamini kwamba iliyobaki ndani ni hewa ya kawaida, hesabu huniambia nitie bari 28 za oksijeni, tena polepole, maana oksijeni ikikimbizwa bombani huzaa joto, na joto hilo likikuta mafuta huzaa moto; kisha nimalizie kwa hewa safi ya kompresa. Mtungi wa kwanza, ambao kweli ulikuwa na hewa ya kawaida, hutoka na asilimia 32 barabara. Mtungi wa pili, ambao ulirudi jana na mabaki ya asilimia 32, hutoka na asilimia 35 kasoro kidogo. Mkono ni ule ule na hesabu ni ile ile, na geji imesema kweli mara zote mbili, kwa kuwa geji hueleza mgandamizo, haielezi kilichogandamizwa. Mpaka wa mtungi wa kwanza ni mita 33, wa pili ni mita 30. Na huko Leven Bank, kaskazini ya Nungwi, mwamba hushuka kupita kina hicho, na mkondo una nguvu ya kumshusha mtu kabla hajatanabahi. Sasa niambieni kosa langu limeingia saa ngapi. Halikuingia leo nilipojaza. Liliingia jana, mtungi uliporudi, tepu yake ikabanduliwa na kutupwa, wala asiwepo mtu aliyeandika kilichobaki ndani.

Kipimo chako cha jioni kingeligundua, nakiri. Lakini baina ya jioni na chombo kuna usiku mzima, na kuna vijana wanaobeba mitungi alfajiri mikono ikiwa imelowa. Tepu iliyolowa hubanduka, na aliyeiokota huirudisha pale anapoona pana bega tupu. Namba iliyopigwa chapa katika chuma cha mtungi haibanduki, na hiyo ndiyo ningependa iandikwe daftarini, mtungi mmoja kwa mstari mmoja, kando ya jina la mtu mmoja. Nami nimechoka kuona mstari usemao kwamba mitungi 24 imejazwa asilimia 32 na yote ni sawa.

Pamoja na hayo nina ombi langu, na nalisema waziwazi. Mimi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliomo humu. Mgeni akisha kupima na kutia sahihi, basi niacheni huru. Haiwezekani mtu aone namba kwa jicho lake, aikubali kwa kalamu yake, kisha akifikwa na jambo nitafutwe mimi.

WAKILI: Ombi lako si geni katika sheria, nami nitakueleza lilikotoka. Mwezi wa Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Uskochi, Bibi May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, cha ndani hakionekani. Akanywa kidogo, na ilipomiminwa iliyobaki, ilidaiwa kwamba alitoka konokono aliyeoza. Bibi huyo hakuwa na mkataba na mwenye kiwanda, wala hata kinywaji hakukinunua yeye. Lakini shauri lilipofika katika Baraza la Mabwana la Uingereza, Lord Atkin aliamua mwaka 1932, pamoja na wenzake walio wengi, kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho, maadamu kitu kinamfikia kama kilivyotoka kiwandani, pasipo nafasi ya maana ya kukaguliwa njiani. Kanuni hii ilikuja kwetu pamoja na sheria ya Kiingereza, na mahakama za Afrika Mashariki zinaijua vema.

Zingatieni maneno yale ya kukaguliwa njiani. Mtungi ni chupa isiyoonekana ndani, na mjazaji ni mtengenezaji. Lakini kipima kikiwekwa mezani na mzamiaji akapewa wasaa wa kukitumia, ukaguzi wa njiani umepatikana, na hapo mwenye kituo hupata cha kusema mbele ya hakimu. Ndiyo sababu wapo wenye vituo wanaoipenda sahihi kuliko wanavyokipenda kipimo. Nawaonya. Sahihi iliyotiwa na mtu ambaye hakupima ni ushahidi kwamba ukaguzi ulifanyika ilhali haukufanyika, na kituo chenyewe ndicho kilichouandaa ushahidi huo, kikampa mgeni kalamu na kumwonyesha pa kuandika. Siku ya mashtaka, karatasi hiyo humwangusha aliyeitegemea. Na wale wanaodhani kwamba mgeni anaweza kuwasamehe kwa maandishi kabla ya safari, wajue kwamba huko Uingereza, wanakotoka wageni wetu wengi, tangu sheria ya mwaka 1977 mfanyabiashara haruhusiwi kujivua kwa maandishi dhamana ya mauti yaliyoletwa na uzembe wake.

KARANI: Mheshimiwa Wakili ameeleza vizuri, lakini yeye hulifungua daftari baada ya maiti kufika pwani, na mimi nataka tulifungue kabla. Katika kituo cha karafuu, mkulima alipoleta gunia lake hakukaa nje kungoja aambiwe. Alisimama mbele ya mizani, akaona mshale ulipotulia, akanisikia nikisoma uzito, akaniona nikiuandika, ndipo akapewa hati yake. Mimi nilikuwa mjuzi wa mizani kuliko yeye, Bwana Kiongozi, kama wewe ulivyo mjuzi wa kipima kuliko mgeni wako. Ujuzi wangu haukuwa sababu ya kumfungia mlango; ulikuwa sababu ya mimi kumwonyesha. Wala kuona kwake hakukunifanya mimi niwe huru. Uzito ukikosewa, mwenye kuulizwa kwanza nilikuwa mimi, na mkulima alikuwa shahidi, si mdhamini wangu.

Hapa ndipo nitakapolijibu ombi lako, mwanangu Mjazaji. Umesema kwamba mgeni akiandika wewe uachwe huru, kana kwamba dhamana ni mzigo mmoja ambao mtu huutua ili mwingine aubebe. Sivyo. Wewe umekabidhiwa roho ya mtu usiyemjua, na hiyo ni amana. Yeye amekabidhiwa roho yake mwenyewe, na hiyo nayo ni amana. Ni amana mbili, kila moja nzima, na mwenye kutimiza yake hamtimizii mwenziwe. Sisi Waislamu tunayo aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ndefu kuliko aya zote za Kurani, nayo inahusu uandishi wa deni, mwandishi wake na mashahidi wake. Na jambo ambalo daima limenigusa ndani yake ni kwamba mwandishi ana wajibu wake, mwenye kudaiwa ana wake, na mashahidi wana wao, wala hapana mmoja anayesamehewa kwa kuwapo kwa wenziwe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Humu mtungini hamna mali. Mna pumzi ya mtu, na hiyo ikipotea hairudi hata habari yake ikijulikana.

KIONGOZI: Mzee wangu, nimekusikia, na juu ya tepu na namba za mitungi nakubali pasipo kinyongo. Lakini tusiwatie watu hofu kupita kiasi. Nimewaona wazamiaji waliopita mpaka kwa mita mbili tatu wakarudi salama, na mzamiaji mzoefu husikia dalili mapema: midomo hucheza, macho hufifia, masikio huvuma, moyo huchafuka. Akizisikia atapanda.

Hapa mimi mwandishi naomba ruhusa ya kuingilia kati, kwa kuwa kauli hii imekwisha kuua watu. Wakati wa vita vya pili vya dunia Kenneth Donald, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliwajaribu wazamiaji wengi kwa oksijeni tupu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1947. Aligundua kwamba uvumilivu wa mtu na mtu hutofautiana mno. Na lililo kubwa zaidi, kwamba uvumilivu wa mtu yule yule hutofautiana siku na siku, hata aliyestahimili juzi kwa muda mrefu leo akashindwa kwa muda mfupi. Dalili nazo si ahadi: degedege huweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza. Basi mwenye kusema kwamba atasikia anautegemea mwili ambao haukumpa ahadi yoyote. Tena kosa lina upande wake wa pili, usiotajwa sana: mtungi wa hewa ya kawaida ulioandikwa asilimia 32. Huo hauna degedege, lakini mwenye nao ameiambia kompyuta yake ya kuzamia kwamba nitrojeni ni kidogo, nayo humruhusu akae chini kupita muda wake halali. Naye hupanda akiwa na utulivu wa moyo, na maumivu humkuta chomboni. Katika makosa yote mawili mwili hauna namna ya kujua. Kinachojua ni kipima, na kinachokumbuka ni daftari.

MJAZAJI: Mzee Karani amenishinda, nami naliondoa ombi langu, kwa sharti kwamba yale yaniangukiayo mimi niwezeshwe kuyatimiza. Kipima hiki mnachokisifu kina kiini ndani yake kinachochakaa hata kikikaa rafuni, na mwaka wake ukipita hakisomi sawasawa. Mimi hununuliwa kipya nikisha kulalamika mara nyingi. Tena kipima cha oksijeni hakioni sumu nyingine. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Desemba 2009 hata Machi 2010, kwa kuharibika njia ya umeme itokayo bara, kila palipokuwa na biashara palinguruma jenereta; na jenereta ikiwekwa upande upepo utokako, moshi wake huingia katika mdomo wa kompresa, na sumu ya moshi huo haina harufu ya kuitambua mtungini, nayo madhara yake huzidi kadiri mtu anavyoshuka. Nani ataandika kwamba siku ile upepo uligeuka? Nani ataandika chujio lilibadilishwa lini? Na daftari lenyewe mmeniletea lililochapishwa kwa Kiingereza tu, nikajaza nafasi kwa kukariri. Ninalolifahamu nitaliandika kwa ukweli. Nisilolifahamu nitaliandika kwa woga.

Baraza limekwisha, na wajibu wa kuhukumu umebaki kwangu. Naiunga mkono hoja katika sehemu zake zote mbili, na Kiongozi asidhani kwamba nimeyapuuza maji yanayokupwa. Kipimo chake cha jioni kibaki, maana kweli ni kipimo cha mjuzi. Kiwe cha kwanza. Cha pili kiwe cha mzamiaji mwenyewe asubuhi, Kiongozi akiwa amesimama kando yake kumwonyesha namna ya kufungua koki taratibu na kungoja namba itulie, na kazi hiyo haizidi dakika moja kwa mtungi. Namba mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia 1, mtungi ubaki pwani mpaka sababu ijulikane. Liandikwe lililosomwa, wala si lililokusudiwa. Liandikwe pale pale, maana daftari linalojazwa jioni kwa kumbukumbu za asubuhi ni hadithi. Mtungi urudipo, mabaki yake yaandikwe kabla tepu haijabanduliwa: bari ngapi, za asilimia ngapi. Tarehe ya kiini cha kipima na ya chujio la kompresa ziwe katika ukurasa wa mbele, ambapo hata mgeni ataziona. Na maandishi yote yawe kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha za wageni.

Liko jambo moja ambalo Wakili aliligusa tu na wengine hawakulitaja, nami sitaliacha lipite, nalo ni wajibu wa mwenye kituo. Hakuja barazani, kama ambavyo aghalabu hayumo katika chumba cha kujazia. Lakini yeye ndiye awezaye kununua kipima cha pili ili foleni ya asubuhi ikatike, yeye ndiye mwenye kuamua jenereta ikae upande gani, na yeye ndiye anayepanga saa ya kuondoka ambayo baadaye hutajwa kuwa sababu ya kutopima. Mjazaji na mzamiaji wana sahihi zao katika kila mstari; yake iwe chini ya kila ukurasa, kila siku ya kazi, baada ya kuusoma. Akiona kazi hiyo inamchosha, asiuze hewa iliyoongezwa oksijeni. Auze ya kawaida, ambayo nayo ina hadhari zake. Ama mgeni asiyetaka kupima, hata awe na vyeti vingapi na hata awe amelipa mara mbili, mtungi asipewe.